Brashi za kupaka vijisanamu vya maonyesho: ipi ununue kwanza, ipi isubiri, na ipi achana nayo

Kwa wenye haraka jibu ni hili: kama una hela ya brashi moja tu ya maana, nunua ya kolinski (nywele za asili za mnyama), saizi 1, yenye tumbo nene na ncha kali, afu ongezea mbili tatu za sintetiki, yani za nywele za kutengenezwa kiwandani, za bei ya chini kwa ajili ya kazi chafu. Ukifika hapo unaweza kupaka modeli ya milimita 32 mpaka kwenye mboni ya jicho, na ukapaka pia zile sanamu kubwa za kichwa na mabega za skeli ya 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa halisi), bila kuhitaji ile seti ya vibrashi kumi na kitu vyenye nywele tatu tatu ambayo kila anayeanza anaikimbilia.

Na hiyo seti ndo iko mkiani kabisa kwenye orodha yangu, ngoja nimalizane nayo kwanza. Watu wanawaza hivi, kitu chenyewe ni kidogo basi na brashi iwe ndogo, inaingia akilini kabisa lakini ndo inayowaponza. Brashi ya 10/0, zile saizi ndogo kabisa, haina tumbo, yani haina pa kubebea rangi wala maji, unachovya kwenye akriliki, unanyanyua, unasogea kwenye jicho la askari wako na kabla hujagusa rangi imeshaanza kukaukia kwenye ncha, unagusa hakitoki kitu, unakandamiza kidogo, hapo sasa kinadondoka kidonge kizima na jicho limeshakuwa shimo. Saizi 1 nzuri ina ncha nyembamba kama ile ile ila nyuma yake kuna akiba ya rangi inayoshuka taratibu kila unapogusa. Ncha ndo inachora, unene wa brashi ni tangi tu.

Kwanini kolinski? Ni nywele za mkia wa kicheche wa Siberia, na sifa yake ni kwamba kila unywele umenenepa katikati na kuchongoka mwishoni, kwahiyo ukizifunga pamoja zinajitengenezea tumbo na ncha zenyewe. Fundi hakati mbele, anazipanga kwa mkono ncha zote zikae sawa na anakata upande wa nyuma unaoingia kwenye kichuma kinachoshika nywele kwenye mpini. Ndo maana ukiona mtu anachukua mkasi "kuinoa" brashi ya kolinski iliyoanza kupanuka, mnyang'anye, maana akishakata hizo ncha za asili hazirudi tena. Afu zina mrudisho, yani ukizikunja zinasimama zenyewe, na hilo utaliona umuhimu wake ukianza kupaka kingo za deraya.

Kuna watu hawataki nywele za mnyama, sawa kabisa, washuke moja kwa moja kwenye sintetiki huko chini. Kwa wengine, jueni tu kwamba huyu kicheche yupo kwenye Kiambatisho cha III cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, aliwekwa kwa ombi la India, na kuanzia 2013 Marekani walizuia mizigo ya brashi za kolinski kwa sababu ya makaratasi na kwa muda zikawa adimu kule. Kwahiyo ukiagiza kutoka nchi nyingine muulize muuzaji kwanza kama anatuma kwenu na kama vibali anavyo, usije ukalipia kitu kikaishia forodhani.

Haya sasa orodha yenyewe.

Namba moja: Raphael 8404. Ni ya Ufaransa, kampuni ina historia ya tangu 1793. Hii naiweka juu kwa sababu ya kazi moja ambayo ndo inatofautisha modeli ya mezani ya kuchezea na modeli ya kuweka kabatini, nayo ni zile tabaka nyepesi nyepesi za rangi iliyochanganywa na maji mengi mpaka inakuwa kama kivuli tu. Chukua mfano wa shavu. Unataka wekundu uanze chini ya jicho na upotee kuelekea taya bila kuonekana umeanzia wapi. Unajaza brashi, unagusisha tumbo lake kwenye tishu ili maji ya ziada yatoke (hatua hii usiiruke, ukiiruka maji yanatuama na yakikauka yanaacha duara), afu unavuta mstari kuelekea pale unapotaka rangi ikolee zaidi, kwa sababu rangi nyingi inabaki pale unaponyanyulia brashi na sio pale ulipoanzia. Unaacha ikauke kabisa, unarudia, na kila mara unaanza mbele kidogo ya pale ulipoanza mwanzo. Mara ya kwanza utahisi hujafanya kitu, kufikia ya nne au ya tano shavu lina damu. Kwa mchezo huo unahitaji tumbo linaloshusha maji kwa kiasi kile kile mwanzo mpaka mwisho wa mstari, na 8404 hapo naiona haina mpinzani.

Ila angalia saizi! Namba za kampuni hazifanani. Saizi 1 ya Raphael ni kubwa kuliko saizi 1 ya Winsor & Newton, ukiziweka pembeni kwa pembeni unaona kabisa, kwahiyo kama umezoea Winsor ukihamia Raphael shuka namba moja au ujiandae kushika kitu kinene zaidi. Na kama mkono wako mzito, nywele ndefu za Raphael zitakusumbua mwanzoni, zinayumba.

Namba mbili: Winsor & Newton Series 7. Hii kila mtu anaijua na stori yake ni kwamba mwaka 1866 Malkia Victoria wa Uingereza aliagiza atengenezewe brashi bora kabisa za rangi ya maji, na saizi aliyoipenda yeye ilikuwa namba 7, jina likabaki. Ni brashi ya uwiano mzuri, fupi kidogo kuliko Raphael, inatii mkono haraka, na kwa mtu anayetoka kwenye sintetiki ndo rahisi zaidi kuizoea. Ningeweza kuiweka ya kwanza na wengi wanaiweka, mimi tumbo la Raphael ndo limenivuta.

Tahadhari moja kubwa. Series 7 zipo za aina mbili, ya kawaida na nyingine imeandikwa Miniature, na mpakaji rangi wa vijisanamu akiona hilo neno anasema hii ndo yangu. Ile ina nywele fupi zaidi, ilikusudiwa picha ndogo za kuchora, na ufupi wake unakula tumbo, unarudi kwenye shida ile ile ya 10/0 japo sio kwa ukali huo. Wapo wanaoipenda kwa macho na vifungo kwa sababu haiyumbi. Ya kwanza kununua isiwe hiyo.

Namba tatu, wamefungana wawili: Da Vinci Maestro Series 10 ya Nuremberg, Ujerumani, na Rosemary & Co Series 33 ya Uingereza. Da Vinci ina mrudisho mkali, unaukandamiza upande wa brashi kwenye ukingo wa deraya unavuta na mstari mwembamba unatoka bila wewe kutetemeka, pia ni nzuri kwa kudonoa vidoti vya ngozi ya mkanda au kitambaa kilichochakaa. Rosemary mara nyingi bei yake inakaa chini ya hao wengine wote na ubora haupishani sana, kwahiyo kama bei ndo inayoamua, hii kwako ihesabu ni namba moja na usijisikie vibaya.

Kitu ambacho mtangazaji hatakwambia ni kwamba kolinski ni kitu cha asili kinachofungwa na mkono wa mtu, ukinunua mbili za kampuni moja saizi moja zinaweza zisilingane, awe nani. Kwahiyo kujua kuikagua ni muhimu kuliko jina lililoandikwa kwenye mpini. Brashi mpya inakuja imegandishwa na gamu ili ncha ikae vizuri dukani, ncha hiyo kavu usiiamini, haikwambii chochote. Omba maji. Ikoroge mpaka gamu iishe, kung'uta mkono mara moja kwa nguvu, afu iangalie kwenye mwanga huku unaizungusha. Inatakiwa ijikusanye yenyewe kuwa ncha moja. Ikigawanyika mbili, au kuna unywele umechomoka pembeni na hautaki kurudi hata ukiulowesha tena, irudishe. Ukiagiza mtandaoni fanya hivyo hivyo siku inapofika, kabla haijagusa rangi hata tone, maana ikishagusa rangi hakuna anayeipokea.

Namba nne: sintetiki nzuri. Nne kwa kazi ya ncha, lakini kuna kazi ambazo ni za kwake na kolinski haitakiwi hata kusogea. Rangi za metali, kwanza, zile chembe zake zinaingia mpaka kwenye kichuma na kutanua nywele. Praima (rangi ya chini ya kuishikisha nyingine) ya kupaka kwa brashi, gundi, poda za kutu na matope, kuchanganya rangi kwenye paleti, rangi za mafuta na dawa zake za kusafishia, zote hizo ni sintetiki. Ugonjwa wake unajulikana, ncha inajikunja pembeni kama ndoano, hata uitunze vipi siku moja itajikunja tu. Ukiichovya kwenye maji ya moto kidogo na kuinyoosha kwa vidole inarudi kwa muda, inakusogezea siku kadhaa za kazi, afu ndo basi. Kwa hiyo nunua za bei ya chini na uzihesabu kama kitu cha kuisha. Zipo sintetiki za bei kubwa ambazo kweli zimepanda ubora, Escoda Versatil mfano, na kwa asiyetaka nywele za mnyama nenda nayo hiyo bila wasiwasi.

Kwa kupaka kavu, ile ya kufuta rangi karibu yote kwenye karatasi afu unapitisha juu ya miinuko, usinunue brashi ya wasanii kabisa. Chukua brashi ya mekapu, ya duara, laini, imejaa. Inafanya kazi safi kuliko zile bapa ngumu, haiachi michirizi, na ni rahisi kuipata.

Kuhusu saizi: 1 kwa karibu kila kitu, 2 ukishaanza majoho, mabawa na sanamu za vichwa. Saizi 0 inunue pale mkono wako mwenyewe utakapoidai. Hela ya kolinski ya pili mimi ningeiweka kwanza kwenye paleti ya unyevu, ile ya sponji iliyoloweshwa na karatasi ya kuokea juu yake, kwa sababu hata Raphael haitakuokoa kama rangi inakauka kwenye sahani ya plastiki kabla hujaimaliza.

Matunzo ni mafupi. Rangi isipande zaidi ya nusu ya nywele, maana ikifika kwenye kichuma na kukauka, ncha ndo imeanza kufa. Usiiache imesimama kichwa chini kwenye kikombe cha maji. Ukimaliza kazi ioshe kwa sabuni ya brashi, The Masters inatosha na kopo lake dogo linakaa muda mrefu sana, zungusha, suuza, rudia mpaka povu litoke jeupe, afu mara ya mwisho acha sabuni kidogo kwenye nywele, chonga ncha kwa vidole na uilaze ikauke. Wapo wanaochonga kwa ulimi, kuna rangi zina kadimiamu humo ndani, tumia vidole bana.

Kolinski ikishapoteza ncha usiitupe, inashuka cheo, inakuwa ya kupaka rangi za msingi na miaka bado ipo humo. Na kile kijibomba cha plastiki kinachokuja na brashi kufunika ncha, kama unywele mmoja unakunjika wakati wa kukirudishia basi hicho ndo cha kutupa.