Tufe la chuma la kilo 5: la mazoezi sawa, la mashindano hapana

Tufe hili ni la wanaume wa miaka 60 hadi 69. Wa 50 hadi 59 wanarusha kilo 6, kwa hiyo angalia umri wako kabla ya kulipa. Kipenyo chake, milimita 110, kinakaa vizuri shingoni na vidoleni. Kanuni inaruhusu 100 hadi 120.

Shida ni rangi. Ikibanduka kwenye saruji, kutu inaanza kula chuma na uzito unashuka. Likipungua hata gramu chache, waamuzi wanalikataa kwenye mizani. Kagua pia kizibo cha risasi (madini mazito, si risasi ya bunduki) kinachoziba tundu la tufe: kikilegea, kinachomoka. Mwenye mashindano aongeze pesa, anunue lililochongwa kwa mashine.