Kituo cha masomo ya ziada Buruburu: bango linaahidi zaidi ya kinachofundishwa

Bango kwenye lango la kituo hiki linawaahidi wazazi kwamba kila mtoto ataandaliwa masomo yanayomfaa yeye. Binti yangu wa Gredi ya 5 amesomea hesabu hapo muhula mzima, na kwa maoni yangu ahadi hiyo imetimizwa nusu.

Nusu yenyewe ni ya kasi, nayo si haba. Kila mtoto hupewa kishikwambi chenye programu ya mazoezi, na anayeshindwa kujumlisha 3/4 na 1/6 hasogezwi mbele mpaka aone kwa nini namba za chini hugeuzwa kuwa 12. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa saikolojia ya elimu wa Marekani, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake kwa utaratibu wa kuelewa hatua moja kabla ya nyingine aliwapita takribani asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Watafiti waliofuata walipata tofauti ndogo kuliko hiyo, ila bado ya kuridhisha.

Hata hivyo, kumwacha mtoto aende kwa mwendo wake si sawa na kumjengea somo. Mpango wa kitaifa wa teknolojia ya elimu wa Marekani wa 2010 uliyatenganisha mambo haya: katika la kwanza lengo ni moja kwa wote na kasi ndiyo hutofautiana, katika la pili, mbinu na hata maudhui hufuata mapendeleo ya mwanafunzi. Hapa watoto wote hupitia maswali yaleyale ya keki na machungwa, awe mpenda soka au mchoraji.

Siku intaneti ilipokatika, mwalimu wa zamu, ambaye kwa kawaida huzunguka tu akikagua skrini, alimuuliza binti yangu, mpenzi mkubwa wa matatu, ni sehemu gani ya abiria wameshuka Jogoo Road ikiwa gari la abiria 14 limebaki na 6. Binti yangu alitaka kwanza kujua kama kondakta anahesabiwa, kisha akapata 4/7 bila kusukumwa. Intaneti iliporudi, wakarudia machungwa.

Mtoto aliyeachwa nyuma katika sehemu na desimali atafaidika hapa, na nitamrudisha wangu muhula ujao kwa sababu hiyo tu. Anayetaka kile kilichoandikwa kwenye bango aulize kwanza mwalimu huyo yuko zamu siku gani.