Mpambe au mhusika wa pili?

Mkicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, mkiwa wawili tu, msimulizi anayeendesha ulimwengu na maadui, na mchezaji mmoja anayemwendesha shujaa, shujaa huyo peke yake hafiki mbali. Akianguka vitani, hakuna wa kumwinua. Hapo mchezaji huongezewa mhusika kamili wa pili, au hupewa mpambe, yaani msaidizi wa shujaa mwenye kanuni rahisi zaidi.

Mhusika wa pili ana nguvu zote za shujaa, na kwenye kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) yenye mapigano mfululizo nguvu hizo zinahitajika kweli. Tatizo ni mzigo. Kadiri ngazi za wahusika zinavyopanda, karatasi mbili za wahusika zilizojaa uwezo na miujiza humchosha mchezaji, zamu zake zinarefuka, na mmoja wa mashujaa wake huishia kuwa bubu.

Mpambe ni mwepesi. Kanuni zake zilitoka mwaka 2019 katika sanduku la wanaoanza, zikapanuliwa mwaka 2020 hadi ngazi ya 20. Unachukua kiumbe ambaye kiwango chake cha hatari, yaani kipimo cha ukali wake katika mchezo, hakizidi nusu, unamfanya mpiganaji, mtaalamu au mtenda miujiza. Hata mbwa mwitu anaweza kuwa mpiganaji! Mimi nampenda zaidi mtaalamu: anamsaidia shujaa na bado anabaki na kitendo chake cha zamu hiyo, naye shujaa anarusha dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa. Sifa inabaki kwa shujaa.

Kwa meza ya watu wawili nachagua mpambe, ila dadu zake arushe mchezaji. Msimulizi akimwendesha yeye, atajikuta anapigana na majitu yake mwenyewe huku mchezaji akitazama.