Uzoefu wangu na kitabu cha David Blackbourn kuhusu maji ya Ujerumani

Kama unadhani Mto Rhine unapita unapopita kwa kupenda kwake, kitabu hiki kitakubishia. Ni "The Conquest of Nature" cha mwanahistoria David Blackbourn, kilichotoka mwaka 2006. Anaisimulia Ujerumani kwa kufuata maji: nani alikausha vinamasi, nani alijenga mabwawa, na nani aliumia.

Sura ya Rhine ndiyo iliyoninasa. Mhandisi Johann Gottfried Tulla alitaka kona za mto zikatwe. Kazi ikaanza 1817 na kumalizika 1876, yeye akiwa kaburini tangu 1828. Kati ya Basel na Worms mto ulifupika kutoka kilomita 354 hivi hadi 273. Nilisoma huku nimefungua picha za setilaiti kwenye simu. Ukivuta karibu unaziona kona za zamani zimeachwa pembeni kama kucha zilizokatwa, maji yametuama, miti imeyazunguka. Wakulima walipata ardhi na malaria ikapungua. Lakini samaki aina ya samoni walitoweka, waliokuwa wakichekecha dhahabu mtoni wakakosa riziki, na mafuriko yakawahamia watu wanaoishi mbele zaidi, mto unakoelekea. Blackbourn hawapigii wahandisi vigelegele, wala halii matanga ya mto wa zamani. Hilo nililipenda mno.

Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, aliyekausha kinamasi cha Oderbruch, yumo pia, na Bwawa la Möhne lililobomolewa na ndege za Uingereza Mei 1943. Maji yaliua zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wakiwa wageni walioletwa kufanyishwa kazi kwa nguvu.

Sura ya Wanazi niliisoma polepole, siyo kwa ugumu wa lugha. Wapangaji wao walivitazama vinamasi vya Pripet, vilivyo Belarus na Ukraine za leo, na watu wanaoishi huko kwa jicho moja: vyote ni uchafu wa kuondolewa. Mipango ya kukausha na mipango ya kuua ilitembea pamoja.

Malalamiko yangu: habari za ujenzi wa bandari ya Wilhelmshaven zinarefuka hadi unasinzia, na majina ya vijito ni mengi, kwa hiyo ramani uwe nayo karibu. Kiingereza chake si cha kutisha. Kama huna muda, anza na Rhine. Kila sura inajitegemea vya kutosha.