Antivirusi niliyoiondoa ikabaki imeshikilia intaneti yangu

Nina steshenari ndogo karibu na shule, kompyuta na mashine moja ya kopi. Antivirusi hii niliinunua dukani kwa wakala wao, na niseme ukweli kabla hasira hazijanipanda: mwaka mzima ilifanya kazi. Anayeijua kazi ya steshenari anajua flashi za wateja zinavyokuja, mafolda yote yamegeuka njia za mkato (shortcut), mtu anakaribia kulia akidhani ripoti yake imepotea. Hii ilikuwa inakamata virusi hao palepale flashi inapochomekwa. Kwa hilo peke yake nilikuwa nimeshaiwekea nyota nne moyoni.

Leseni ilipoisha sikutaka kuendelea. Windows kuanzia ile ya 8, ya mwaka 2012, inakuja na kinga yake yenyewe bila malipo, na kompyuta yangu ya RAM ya GB 4 ilishaanza kuzidiwa. Nikaiondoa kwa njia inayotakiwa, kwenye sehemu ya Windows ya kuondolea programu. Sikufuta folda kwa mkono kama wengine wanavyofanya. Ikaandika kwamba imeondolewa. Nikazima, nikawasha.

Intaneti hakuna. Alama ya waifai inaonyesha imeshika, simu yangu inaperuzi vizuri kwenye waifai hiyohiyo, lakini kompyuta haifungui hata ukurasa mmoja. Na ile kinga ya Windows niliyoitegemea imegoma kuwaka, inadai ulinzi wa kompyuta uko chini ya antivirusi nyingine. Nyingine ipi, wakati nimeshaiondoa?

Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mwanafunzi anajaza fomu mtandaoni, tunaichapa, anaenda kusainiwa serikali ya mtaa na kwa wakili, anarudi tuskani tupandishe. Pale dukani wamekaa watoto na bahasha zao, wengine wameshalipa nauli mara mbili, na mimi sina la kuwaambia.

Nikampigia wakala. Kijana aliyepokea hakuniuliza hata natumia Windows ipi. "Dada, programu ukishaifuta haipo. Hilo ni tatizo la mtandao wako." Nikamweleza kuwa simu inashika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi irudishe. Lipia leseni, intaneti itarudi." Nikamuuliza itarudije, kama tatizo ni la mtandao wangu? Akasema ana wateja mbele yake, akakata simu.

Maneno hayo yalinikaa kifuani siku nzima. Lipia leseni, intaneti itarudi.

Fundi wa jirani alisema dawa ni kupiga Windows upya, elfu thelathini, na nihamishe mafaili yangu yote kwanza. Mwenyewe nilijaribu amri niliyoiona kwenye video ya kurudisha mipangilio ya mtandao ya Windows ilivyokuwa mwanzo, netsh winsock reset, nikawasha upya, hola. Siku mbili nimewaelekeza wateja wangu duka la ng'ambo ya barabara.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi wa chuo aliyekuja kutoa kopi. Aliingia kwenye sifa za kadi ya mtandao, pale kwenye orodha ya vitu vyenye tiki, na katikati ya orodha nikaliona jina la antivirusi yangu, lina tiki yake kabisa. Akaiondoa tiki ile. Intaneti ikarudi palepale, sijui nilipiga kelele gani.

Alinieleza hivi. Antivirusi inaweka kichujio kati ya kadi ya mtandao na Windows, kila kinachoingia na kutoka kinapitia hapo kikaguliwe. Programu imeondoka, kichujio kimebaki, na hakuna tena wa kukiambia kiruhusu nini. Ni kama mlinzi aliyeacha kazi akaondoka na funguo za geti. Na kumbukumbu za Windows bado zilimwandika kuwa yuko zamu, ndiyo maana kinga nyingine haikuwaka.

Kisha akashusha kifaa, yaani programu ndogo, cha kusafishia mabaki. Mnajua alikitoa wapi? Kwenye tovuti ya kampuni hiyohiyo! Wamekitengeneza wenyewe. Tukawasha kompyuta katika hali salama (Safe Mode), ambapo Windows inawaka na vitu vya lazima tu, tukakiendesha, tukawasha tena: kinga ya Windows ikawaka. Ilibaki folda moja tu ndani ya ProgramData, ambayo kwa kawaida imefichwa, nikaifuta kwa mkono.

Sasa hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku ya kwanza. Nakubali kuwa antivirusi inaingia ndani sana kwenye Windows, na kuing'oa ikiwa inafanya kazi si jambo jepesi. Watengenezaji kadhaa wa antivirusi wana vifaa vya namna hii, kwa hiyo hilo silihesabu kuwa kosa. Kosa ni kujua mabaki hubaki, kuwa na dawa yake bure, halafu mteja akipiga simu unamuuzia leseni. Yule kijana alijua. Asingejua, asingesema intaneti itarudi.

Nilitaka kumalizia kwa nyota tatu, kwa ajili ya zile flashi. Kama unayo na unataka kuiondoa, shusha kwanza hicho kifaa kwenye tovuti yao, kihifadhi kwenye flashi, ndipo uifute, maana ikishakata intaneti utakishushia wapi? Na uingie kwenye sifa za kadi ya mtandao uhakikishe jina lao halipo.

Lakini wakati naandika haya umeingia ujumbe wao kwenye barua pepe: leseni yako imeisha, kompyuta yako haina ulinzi, lipia leo. Nyota moja. Zile mbili nimeziondoa, na wale watoto wa bahasha hawajarudi dukani kwangu.