DmC: gemu niliyoichukia miaka kibao bila kuishika, kisa nywele

Niseme ukweli wangu mapema kabla hamjaanza kunirukia, mimi mwenyewe nilikuwa kwenye lile genge la walioichukia gemu hii kabla haijatoka. Trela ya kwanza ya DmC: Devil May Cry, gemu iliyoanza upya mfululizo wa zamani wa Devil May Cry, ilivyoonyeshwa pale Tokyo Game Show 2010 nikamwona Dante, shujaa wake, kakonda, nywele fupi nyeusi, sigara mdomoni, sura ya mtu ambaye hajalala wiki nzima, nikasema huyu siye. Dante ninayemjua mimi tangu 2001 ana nywele nyeupe zinamwangukia machoni na koti refu jekundu, anawapiga mashetani huku anawatania. Huyu wa kwenye trela katokea wapi? Nikaichukia papo hapo, sijui hata inachezwaje, na ile chuki nikaitunza miaka yani kama nimewekeza.

Sasa nimeicheza mpaka mwisho mara mbili, ile ya mwanzo ya 2013 halafu na Definitive Edition ya 2015, yani toleo lililoboreshwa, na inaniuma kusema hivi lakini gemu ni tamu.

Utamu wenyewe uko mikononi. Ukibonyeza kitufe cha kushoto nyuma ya padi na kukishikilia, upanga unageuka silaha ya malaika, nyepesi, inafagia kundi zima. Ukishikilia cha kulia unapata ya kishetani, shoka zito linavunja ngao. Achia vyote, upanga wa kawaida umerudi. Hakuna menyu, hakuna kusimama, ni vidole tu. Halafu kuna ule mnyororo, kwa upande mmoja unamvuta adui aje kwako, kwa upande mwingine wewe ndo unavutwa umfuate, kwahiyo unampiga mmoja juu hewani, unamvuta wa pili kabla hujatua, unamalizia wa kwanza na shoka mpaka chini. Nilikuja kushtuka sijagusa ardhi muda mrefu na nacheka peke yangu.

Na mji! Jamani ule mji. Dante akiingizwa Limbo, upande wa kishetani wa mji ule ule, mtaa wenyewe ndo unakuwa adui, majengo yanasogea kukubana, barabara inapasuka katikati ukiwa unakimbia, maandishi yanajitokeza ukutani kuamuru uuawe. Kuna bosi, yani adui mkubwa, mmoja anaitwa Bob Barbas, mtangazaji wa habari, unapigana na kichwa chake kikubwa cha kidijitali na pambano linakatizwa unaingizwa ndani ya taarifa ya habari yenyewe, unaonekana kwa juu kama vile helikopta ya polisi inakufuatilia. Kwa ubunifu wa pale tu Ninja Theory, watengenezaji wake, wangeombwa radhi.

Mazungumzo sasa, hapo mniache. Kuna bosi mwingine yeye na Dante wanatukanana tusi lile lile zamu kwa zamu kama watoto waliogombania bembea, nikaona aibu kwa niaba yao. Huyu Dante mwanzoni ni mjeuri wa kulazimisha, inachukua muda kumpenda.

Lakini turudi kwenye nywele maana ndo iliyonileta hapa. Watu walichanganyikiwa kabisa. Watengenezaji wakatumiwa mpaka vitisho vya kuuawa, kwa ajili ya mtu wa kuchora. Januari 2013 gemu ilipotoka, kuna waliofungua ombi kwenye tovuti ya Ikulu ya Marekani, kwamba Obama aamuru iondolewe madukani. Obama! Jamaa ana nchi ya kuendesha halafu analetewa kesi ya saluni. Ombi lenyewe halikukaa, likaondolewa. Na wengi walikuwa wanawatukana Ninja Theory wa Uingereza kana kwamba waliiba mtoto wa watu, wakati wao michoro yao ya mwanzo ilikuwa inamfuata Dante wa zamani, ni Capcom wenyewe, wenye mali, waliowaambia wasiogope waende mbali zaidi.

Kinachonichekesha mpaka leo ni kile kipande cha mapema kabisa kwenye gemu. Dante katua katikati ya vurugu, kitu cheupe kinamdondokea kichwani, kinakaa hasa kama zile nywele za zamani, anajiona kwenye kioo, anasema hata kwa miaka milioni haitatokea, anakitupa. Mara ya kwanza nilisimamisha gemu. Nilijua kabisa nasemwa mimi. Ni kijembe, na wala sio cha kiungwana kumpiga kijembe mtu ambaye ndo kwanza kakununua, lakini nikikumbuka na sisi tulivyokuwa tunaongea basi nanyamaza. Na gemu ikiendelea, akiwasha nguvu zake za kishetani, nywele si zinageuka nyeupe! Zinaanza kidogo kidogo mpaka inapokaribia kuisha zimekuwa zile zile tulizokuwa tunazililia. Kwahiyo watu walipigana vita ya zaidi ya miaka miwili juu ya jambo ambalo hadithi yenyewe ilikuwa inalijibu.

Hapo ndipo ninapokasirika, maana makosa ya kweli yalikuwepo na hayakusikika vizuri kwenye zile kelele. Ile ya 2013 kwenye PS3 na Xbox 360 ilikuwa inaenda fremu 30 kwa sekunde, yani picha 30 tu kwenye skrini kila sekunde, wakati Devil May Cry 4 ya 2008 ilishakuwa 60, na kwa gemu ya kombo, yani mapigo ya kuunganisha mfululizo, hiyo ni tofauti ya mbingu na ardhi. Hakuna kitufe cha kumfunga adui mmoja ili mapigo yote yamlenge yeye, unapiga ukiomba upanga uende kwa unayemtaka. Halafu maadui wa rangi, wa bluu hadhuriki ila kwa silaha za malaika, mwekundu ila za kishetani, yani umejenga kombo nzuri katikati anaingia mtu wa rangi nyingine upanga unagonga kama umepiga jiwe. Hayo ndo malalamiko ya wachezaji. Ya nywele yalikuwa ya sisi ambao hatujacheza, na sisi ndo tulikuwa na sauti kubwa.

Uthibitisho ni Definitive Edition. Fremu 60, kitufe cha kufunga adui kikaja, maadui wa rangi wakalegezwa, na kuna hali ya Turbo inaongeza kasi asilimia 20 ambayo ukishaizoea huwezi kurudi. Nywele hazikuguswa. Kama unataka kuicheza chukua hiyo, ya zamani achana nayo. Kwangu ni 8 kwa 10, mbili nimekata kwa midomo michafu na mabosi wengine laini mno.

Oh na humo ndani kuna vazi la Dante wa zamani, nywele nyeupe, koti jekundu, kila kitu. Nikalivaa haraka haraka kama mtu aliyerudishiwa haki yake. Misheni mbili tu. Mtu mzima wa zamani na koti lake, anafungua mdomo inatoka sauti ya yule kijana mjeuri, nikahisi kama mjomba kavamiwa na pepo. Nikamvua, nikamrudisha na nywele zake nyeusi, nikaendelea.