Betri haijai? Usikimbilie alterneta

Gari ikikuzimikia usiku pale Kinyasini, kila anayesimama kukusaidia atakwambia, "Alterneta hiyo." Mimi niliamini, nikanunua mbili za mashine hiyo inayochaji betri injini ikiwaka, kumbe ulikuwa waya wa nega, yaani upande hasi wa betri.

Kwa hiyo anza na mita ya volti. Betri iliyojaa, gari ikiwa imelala, husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, 13.8 mpaka 14.5. Kisha washa taa na feni, ncha moja ya mita iguse nega ya betri, ya pili chuma cha injini. Ukiona zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea njiani.

Ndiyo maana kwenye orodha yangu ya vitu vya kubadilisha, nambari moja ni waya mnene na vichwa vipya vya betri. Gari zinazolala ufukweni Paje na Jambiani, chumvi huingia ndani ya ganda la waya ikaigeuza shaba kuwa kijani, na kwa nje waya unang'aa. Dukani ukwaruze kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, urudishe.

Ya pili ni mkanda unaozungusha alterneta: ukilia au ukiteleza, badilisha.

Ya tatu ni betri. Joto huizeesha haraka, basi soma tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa rafuni mwaka mzima bila chaji si mpya hata kama haijafunguliwa.

Hapo ndipo tufike kwenye alterneta, ya nne, na hata hapo naanza na kuitengeneza: brashi, beringi, regyuleta inayodhibiti volti. Ya mtumba kutoka Japani naiweka ya tano, kwa sababu hujui imezunguka kiasi gani. Muuzaji akikubali ifungwe na kupimwa gari ikiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) na taa zikiwaka, ipande daraja.

Alterneta kubwa ni ya wenye muziki. Amplifaya inayovuta wati 500 inataka karibu ampea 40, na daladala iliyosimama Darajani kungoja abiria haipati ampea zote zilizoandikwa kwenye kibandiko. Uliza inatoa ngapi sailensa. Ukiifunga, ongeza unene wa waya na fyuzi yake, la sivyo unapika waya.

Na fundi akitaka kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka "aone kama inachaji", mzuie. Umeme huruka juu ghafla na unaweza kuunguza regyuleta au kompyuta ya gari. Mpe mita.